Nesi Mmoja, Kazi Kumi

Neno "nesi" limetuficha mambo mengi. Ukifika Ligula, hospitali ya mkoa pale Mtwara, anayekupima joto ni nesi. Anayemzalisha dada yako ni nesi. Anayempa mjomba wako dawa ya usingizi kabla hajapasuliwa, mara nyingi naye ni nesi aliyeongezewa masomo. Anayekesha na kijana aliyechanganyikiwa akili ni nesi. Sisi tunaiona sare nyeupe tu, basi, na tunaita "Sista!" hata kama aliyeivaa ni mwanamume mwenye ndevu.

Lakini kazi hizo nne si kazi moja. Kila moja ina vitabu vyake, na ina makosa yake yanayoua. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wenye taaluma hii wamelivutania kwa zaidi ya miaka mia moja, na ambalo huku Kusini lina historia yake: je, wakae wote chini ya chama kimoja, na ndani yake kila fani iwe na wakubwa wake wanaoijua? Au kila fani ijitenge ikajenge nyumba yake?

Kwanza tuondoe dhana moja. Kugawana fani si jambo lililoletwa na meli. Katika pwani hii, kuanzia Mikindani mpaka Msimbati, na huko juu kwenye uwanda wa Makonde, mkunga alikuwa mkunga, ngariba alikuwa ngariba, na kungwi alikuwa na lake. Mkunga hakupewa kisu cha jandoni. Wala hakuna aliyejitangaza mwenyewe. Alikaa chini ya mkunga mkubwa, akachemsha maji, akatumwa majani, akatazama, mpaka yule mkubwa aseme sasa huyu anaweza. Mkubwa wa fani ndiye aliyekuwa cheti.

Hospitali huku zilikuja kwa mkono wa misheni. Wabenediktini walifungua Ndanda mwaka 1906, na kabla ya Vita Kuu ya Pili alikuwapo pale Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa ambaye pia alikuwa daktari. Upande wa Waanglikana, mwaka 1935 alifika Lulindi, wilaya ya Masasi, daktari kijana wa Kiingereza aitwaye Leader Stirling. Wengi wanamkumbuka kama Waziri wa Afya katika serikali ya Mwalimu, miaka ya 1970. Wachache wanakumbuka kwamba alianzia kwenye majengo ya udongo na nyasi.

Daktari mmoja hana mikono ya kutosha. Stirling akaanza kuwafundisha uuguzi vijana wa hapo hapo, wavulana kwa wasichana. Katika hospitali za namna ile hapakuwa na nafasi ya kuchagua fani. Aliyefunga vidonda asubuhi ndiye aliyegawa dawa mchana na ndiye aliyeitwa usiku mama akishindwa kujifungua. Huyo ndiye babu na bibi wa nesi wetu wa vijijini, na mimi simdharau hata kidogo. Nchi ilibebwa na mikono yake. Ila alikuwa na udhaifu mmoja ambao si kosa lake: ustadi wake ulijulikana zaidi na daktari aliyemfundisha kuliko na serikali. Daktari akihama, na sifa ya nesi inahama naye. Stirling mwenyewe baadaye alihamia Mnero, upande wa Nachingwea, na kisha Kibosho.

Ili sifa ya mtu isimtegemee bwana mmoja, lazima iandikwe kwenye daftari, na daftari tulilorithi lilitoka Uingereza. Kwa hiyo tuvuke bahari kidogo. Huko wakunga ndio waliotangulia. Walikuwa na chama chao tangu mwaka 1881, na sheria yao ikapitishwa mwaka 1902. Wauguzi walisubiri hadi 1919, baada ya ugomvi wa miaka thelathini. Mama mmoja aliyekuwa mstari wa mbele katika ugomvi huo, Ethel Gordon Fenwick, ndiye aliyeandikwa namba moja katika daftari lilipofunguliwa, na ndiye huyo huyo aliyeongoza kuundwa kwa Baraza la Kimataifa la Wauguzi mwaka 1899.

Litazame daftari lenyewe. Kulikuwa na sehemu kuu, ya wauguzi wa jumla. Pembeni zikawekwa sehemu za nyongeza: wauguzi wa wagonjwa wa akili, wauguzi wa watoto, wauguzi wa homa za kuambukiza na, cha kuchekesha, wauguzi wanaume, kana kwamba uanaume nao ni fani ya kusomea! Tangu siku ya kwanza, basi, fani maalumu zilikaa barazani, na ukumbini wakakaa wale wa jumla. Sheria ya Tanganyika ya kuwasajili wauguzi na wakunga, ya mwaka 1952, ilitoka katika ukoo huo, ingawa sisi tuliwaweka wauguzi na wakunga chini ya baraza moja. Jambo hilo ni jema, na limedumu hata leo.

Ng'ambo ya mto Ruvuma mambo yalikuwa mengine. Katika miaka ya 1950 kijana mmoja wa Gaza, kusini mwa Msumbiji, alisomea uuguzi Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, akafanya kazi katika hospitali ya Miguel Bombarda. Jina lake Samora Machel. Chini ya Wareno wauguzi waligawanywa, naam, lakini waligawanywa kwa rangi. Mweusi na mweupe walishika kazi ile ile, mishahara mbali mbali. Hapakuwa na mkubwa wa taaluma ambaye mwuguzi mweusi angemwendea akasema, nipime kwa ninachokijua. Mwaka 1963 Samora akaondoka, akaja Dar es Salaam kujiunga na Frelimo, na yaliyofuata mnayajua.

Vita vilipoanza mwaka 1964, Mtwara ikawa nyuma ya mstari wa mapambano. Frelimo ilikuwa na hospitali yake hapa mjini, iliyopewa jina la Dk. Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Walikuja madaktari kutoka Bulgaria, ikaja misaada kutoka mji wa Reggio Emilia wa Italia, na majeruhi wakavushwa kutoka Cabo Delgado. Vitani hakuna anayeuliza wewe fani yako ipi. Hata hivyo mguu uliokatwa na bomu la ardhini hautaki mwuguzi yeyote tu. Unamtaka yule anayejua kidonda kinapoanza kuoza kabla hakijanuka.

Turudi kwetu. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Azimio la Arusha likaja mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya vikasambazwa vijijini. Wakafundishwa wahudumu wa afya ya mama na mtoto, kwa kozi fupi, wapelekwe haraka. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kijiji cha Mahurunga au Kilambo, kando ya Ruvuma, kisingeweza kungoja bingwa. Lakini wakati huo huo vituo vya ubingwa navyo vikawa vinakua, vyote mbali na Kusini. Uuguzi wa wagonjwa wa akili ulikuwa Mirembe, Dodoma. Moshi ilifunguliwa KCMC mwaka 1971, ikafundisha wauguzi wa dawa ya usingizi na wa macho. Muhimbili ikaanzisha shahada, na baadaye shahada ya pili katika ukunga, afya ya akili na uangalizi wa wagonjwa mahututi.

Pima sasa safari ya mwuguzi wa Newala aliyetaka ubingwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, masika yakikolea Mtwara ilikuwa kisiwa. Anaacha watoto, anasoma, anarudi na cheti. Halafu? Anapangiwa wodi yoyote yenye upungufu. Fundi wa chumba cha upasuaji anapelekwa kliniki ya watoto, wa akili anapelekwa wodi ya wazazi. Malalamiko haya ni ya kale, wala si ya Mtwara peke yake. Mganga mfawidhi naye usimlaumu upesi, maana zamu ina pengo na pengo lazima lizibwe. Lakini nani atamwambia, kwa sauti yenye uzito, kwamba kuziba pengo hili kumefungua shimo kule?

Chama cha wafanyakazi hudai mshahara. Baraza, kwa mujibu wa sheria, husajili na kuadhibu. Anayelinda ufundi wenyewe ni chama cha taaluma. Sisi tulikuwa na TARENA, ambacho jina lake la kwanza liliwataja wauguzi waliosajiliwa, yaani wa daraja la juu, ilhali zahanati za vijijini zilijaa wale wa daraja la chini yao. Baadaye kikabadili jina kikawa TANNA, chama cha wauguzi wa taifa zima. Wakunga nao, katika miaka ya 1990, walijenga chao, TAMA. Mwaka 1990 nchi za Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini ziliunda chuo chao cha pamoja cha taaluma, ECSACON, makao yake Arusha, na baadaye neno ukunga likaongezwa katika jina. Sheria yetu ya mwaka 2010 nayo ikaitwa waziwazi ya Uuguzi na Ukunga.

Wakunga walikuwa na haki kusimama wenyewe. Mkunga anayeongozwa na mtu asiyewahi kukaa leba usiku kucha hana kiongozi, ana msimamizi tu. Lakini siwezi kuwashauri wa macho, wa usingizi, wa akili na wa watoto wafuate njia hiyo hiyo kila mmoja peke yake. Wakunga ni wengi, hao wengine ni wachache mno. Chama cha watu ishirini hakisikiki wizarani. Wanachohitaji ni wakubwa wao ndani ya nyumba kubwa: mtu wa usingizi anayejulikana nchi nzima, mwenye kiti katika kamati, anayeulizwa kabla mtaala haujabadilishwa, na anayeandikiwa barua na kijana wa Tandahimba aliyekwama. Mwenyekiti wa chama, hata awe hodari vipi, hawezi kuzijua fani zote hizo.

Fani isipokuwa na msemaji hupotea polepole, na mfano tunao hapa hapa. Ukoma ulikuwa ugonjwa wa Kusini hasa. Ndanda na misheni nyingine ziliwatunza wagonjwa wake kwa miaka mingi, na wakatokea wauguzi waliojua kuuhudumia mguu usiosikia maumivu, namna ya kuuloweka, kuukwangua na kuukagua kila siku. Mwaka 1977 taifa likaunganisha udhibiti wa ukoma na ule wa kifua kikuu katika mpango mmoja, dawa mpya zikafuata, wagonjwa wakapungua sana. Hilo ni la kushangilia. Ila wauguzi wale walistaafu mmoja mmoja, na hakuna chama kilichowakalisha chini wafundishe walichokijua. Wagonjwa wa kisukari wenye vidonda vya miguu wanaongezeka mijini, na mguu wa kisukari usiosikia maumivu unataka mikono ile ile.

Tangu mwaka 2021 Mtwara ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo. Sasa ubingwa haupo Moshi na Dar es Salaam tu, umefika mlangoni petu, na wauguzi wa fani mbalimbali wanahitajika karibu na bahari yao wenyewe. Vitanda na mashine hununuliwa kwa zabuni. Ningependa kujua, TANNA na TAMA wanapokutana na uongozi wa hospitali ile, ni nani hasa wanayemtuma kuzungumzia chumba cha upasuaji, na nani wa kuzungumzia wagonjwa wa akili.

Muda umetutupa mkono. Tukutane tena wiki ijayo, saa kama hii.