Adabu za Mwajiriwa wa Kiislamu: Kujenga Sifa Njema Kazini Bila ya Riya wala Udanganyifu

Himdi zote zinamstahikia Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote.

Ama ba'ad.

Vijana wetu wengi wanapomaliza skuli au chuo huingia kazini: serikalini, katika mabenki, mahospitali, maduka na mahoteli. Miezi ya mwanzo huwa ni ya majaribio, na kila mtu humuangalia mgeni huyu anaingiaje, anasemaje na anafanyaje kazi. Hapo hutokea makosa ya aina mbili. Wapo wanaodhani kuwa kujipanga ili uonekane vizuri ni riya, basi huacha kila kitu ovyo na kuita hiyo zuhdi. Na wapo wanaodhani kuwa kila njia ya kumpendeza mkubwa wa kazi inafaa, hata iwe ya uongo. Makala hii inaeleza mpaka uliopo baina ya hao wawili, kisha inataja adabu zenyewe.

Tanbihi moja kwanza: haya ni kwa kazi iliyo halali kwa asili yake. Adabu nzuri haziigeuzi kazi ya haramu ikawa halali.

Je, kutaka kuonekana mwema kazini ni riya?

Riya asili yake imo katika ibada: mtu aswali, afunge au atoe sadaka kwa ajili ya macho ya watu. Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 H, sawa na 1111 M) ameizungumza mas-ala hii katika Ihyaa. Ameeleza kuwa kutafuta hadhi mbele ya watu kwa mambo yasiyo ya ibada hukumu yake ni kama kutafuta mali: kuna cha halali na cha haramu. Mtu akitaka ajulikane kwa sifa aliyonayo kweli, hilo linaruhusika. Akitaka ajulikane kwa sifa asiyokuwa nayo, huo ni udanganyifu na ni haramu.

Dalili yake ni Nabii Yusuf ('alayhis salaam). Katika Suratu Yusuf, aya ya 55, alimuomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, na akajitaja kwa sifa mbili: uhifadhi na ujuzi. Alizitaja kwa sababu alikuwa nazo na kwa sababu watu walizihitaji. Basi kijana anayekaa mbele ya wasaili na kueleza kwa ukweli anachokijua, hana lawama.

Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) naye, katika Hadithi ya Asmaa bint Abi Bakr iliyopokewa na al-Bukhari na Muslim, amemfananisha mwenye kujionyesha kwa kitu asichopewa na aliyevaa nguo mbili za uongo. Hapa wanaingia wanaoandika katika wasifu wao vyeo ambavyo hawakuwahi kuvishika, na wanaoajiriwa kwa vyeti vya kughushi. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma uliofanyika Tanzania ulitoa, Aprili 2017, orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wengi walikuwa na familia zinazowategemea. Hasara ya uongo haimpati mwenyewe peke yake.

Nguvu na uaminifu

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan alimshauri baba yake amuajiri Musa ('alayhis salaam), kwa hoja kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na aliye muaminifu. Wanavyuoni wameichukua aya hii kuwa ni msingi wa ajira. Nguvu ni uwezo wa kazi yenyewe: kwa mchukuzi ni mwili, kwa muhasibu ni hisabu, kwa muuguzi ni elimu na subira. Uaminifu ni kumcha Allah katika ulichokabidhiwa. Mwenye uaminifu bila ya uwezo huharibu kazi kwa nia njema, na mwenye uwezo bila ya uaminifu huiharibu kwa makusudi. Kwa hiyo adabu ya kwanza ya kazi ni kuijua kazi, na kuuliza usichokijua kabla hujaharibu.

Muda wa kazi ni amana

Mafakihi wamegawa waajiriwa mafungu mawili. Yupo anayelipwa kwa kazi maalumu, kama mshoni au seremala: huyu akimaliza kanzu au kitanda amestahiki ujira wake, afanye usiku au mchana. Na yupo anayelipwa kwa muda, kama karani, mwalimu au mlinzi: huyu ameuza saa zake. Saa alizoziuza si zake tena.

Mwajiriwa wa muda anayefika kwa kuchelewa, akakaa na simu kusoma yanayopita mitandaoni, kisha akaondoka mapema, anapokea malipo ya kitu ambacho hakukitoa. Suratul Mutaffifin imewaonya wanaotaka wapimiwe kamili na wao wakipima wanapunguza. Mshahara kamili kwa kazi pungufu haujitengi na maana hiyo.

Swala kazini

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameeleza kuwa muda wa kujitwahirisha na kuswali faradhi pamoja na sunna zake za ratiba umetolewa katika muda wa ajira, hata kama haukutajwa katika mkataba. Hivyo mwajiri hana haki ya kumzuia mtu Swala, wala ya kumkata mshahara kwa dakika hizo.

Lakini haki hii ina adabu zake. Mjulishe mkubwa wako tokea mwanzo, kwa upole, na mkubaliane utaratibu. Usiondoke na kumuacha mgonjwa au mteja katikati ya huduma ilhali wakati wa Swala bado ni mpana. Adhuhuri ina nafasi mpaka inapoingia Alasiri. Panga zamu na wenzako. Anayekwenda kuswali saa sita na nusu akarudi saa nane, robo saa ni ya Swala na iliyobaki ameichukua kwa jina la Swala. Huyu humfanya mwajiri awatilie shaka wanaoswali wote, na anayekuja nyuma yake akaomba ruhusa huikuta imeshafungwa.

Mwili, nguo na harufu

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kuhusu kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, akihofia kuwa ni kibri. Akajibiwa kuwa Allah ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Ameipokea Muslim kutoka kwa Ibn Mas'ud.

Unadhifu hauhitaji nguo za bei. Nguo iliyofuliwa na kupigwa pasi, kucha zilizokatwa, mdomo uliopigwa mswaki na kwapa zisizonuka zinatosha. Aliyekula kitunguu thaumu kibichi amekatazwa kuukaribia msikiti kwa sababu ya kuwaudhi wengine. Chumba kidogo cha ofisi chenye watu wanne kinastahiki kuchungwa vivyo hivyo. Dada naye aondoe harufu mbaya, bila ya kujifukiza au kujipaka manukato ya kuvuta wanaume.

Ulimi na kukaa na wenzako

Anza kwa salamu na uso mkunjufu, kwani tabasamu ni sadaka. Mwenye umri mkubwa mpe heshima yake hata kama cheo chake ni kidogo. Mzee anayefagia ukumbi ni wa shikamoo kama alivyo mkurugenzi. Gonga mlango na usubiri idhini kabla ya kuingia. Wawili wasinong'one wakamuacha wa tatu, kwa kuwa humhuzunisha, na baadhi ya wanavyuoni wamelitia humo kuzungumza kwa lugha asiyoifahamu yeye.

Jitenge na kumsengenya mkubwa wa kazi anapotoka. Ukiwa na malalamiko, mpelekee mwenyewe au mwenye mamlaka juu yake.

Ama kupeana mkono na asiye maharimu, Bibi Aisha (Radhiya Allahu 'anha) amesimulia kuwa mkono wa Mtume haukuwahi kugusa mkono wa mwanamke ajinabi katika bay'a. Weka mkono kifuani, inamisha kichwa kidogo, mtaje mtu kwa jina lake na umuulize hali. Akiuona uso wako mkunjufu atafahamu kuwa hukumdharau. Na mkutano wa mwanamme na mwanamke ufanyike mlango ukiwa wazi.

Hadiya, "chai" na bakshishi

Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa hadiya. Mtume akapanda mimbari na kuhoji kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama ataletewa hadiya hiyo. Imepokewa na al-Bukhari na Muslim.

Kipimo ni hicho hicho leo. Jiulize: lau nisingekuwa na muhuri huu, angenipa? Ikiwa jibu ni hapana, basi usipokee, hata ikiitwa chai au ya soda. Bakshishi anayoitoa mgeni wa hoteli kwa hiari yake, na mwajiri anajua na ameruhusu, haina ubaya. Lakini kama utaratibu ni kutia katika sanduku la pamoja, ukaificha mfukoni, umewakhini wenzako.

Haki za upande wa pili

Adabu si za mwajiriwa tu. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, na hakuwahi kusikia kwake hata neno la kuchoka naye. Mwenye kuajiri aandike mkataba, alipe kwa wakati, asimbebeshe mtu asichokiweza, na asimkemee mbele ya wateja.

Na siku ya kuondoka ikifika, toa taarifa kwa muda uliokubaliwa, kabidhi funguo, mafaili na vifaa, na mfunze anayekurithi. Suratun Nisaa, aya ya 58, imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Wengi huingia kazini kwa tabia njema. Anayeondoka nayo ndiye aliyekuwa nayo kweli.

Tunamuomba Allah awaruzuku vijana wetu kazi za halali, na aitie baraka riziki yao.

Wallahu A'lam.