Kwa nini gobori halikupata fundi Nyabugogo

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kwa mbele: baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, ikafuatiwa na kitambaa au nyuzi za kuizuia, kisha risasi au vipande vya chuma, na vyote hivyo hugandamizwa kwa mdeki, yaani ufito mrefu unaobebwa chini ya mtutu wenyewe. Aina za kale zaidi ziliwashwa kwa utambi, ndizo bunduki za fitila. Zikaja za gumegume, ambazo jiwe lake hugonga chuma na kutoa cheche, na hatimaye za fataki, ambazo nyundo yake hupiga kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka. Kwa kuwa silaha hii haihitaji ganda la risasi litokalo kiwandani, iliweza kudumu uani kwa mhunzi wa kijijini muda mrefu baada ya majeshi ya Ulaya kuitupa. Historia yake katika nchi za Maziwa Makuu huandikwa aghalabu kama historia ya vita na biashara ya watumwa, ingawa ingestahili vilevile kuandikwa kama historia ya matengenezo, na ikiandikwa hivyo, Rwanda huonekana kuwa nchi ya pekee.

Bonde la Nyabugogo, ambalo mto wake hutoka Ziwa Muhazi na kuingia Nyabarongo, ndilo lango la jiji la Kigali. Kituo chake cha mabasi hukutanisha wasafiri wa Huye, Musanze, Rusumo na Kampala, na ng'ambo ya mto, huko Gatsata, mafundi wa magari hukunja na kuchomelea vyuma kutwa nzima. Wala wahunzi si wageni nchini humo, kwani abacuzi, kama wanavyoitwa kwa Kinyarwanda, walifua majembe na mikuki kwa karne nyingi kabla ya ukoloni. Hata hivyo, ufundi wa gobori, uliojulikana sana magharibi na kusini mwa Tanzania ya leo, haukuota mizizi kwao, na sababu yake haikuwa uhaba wa chuma wala wa mikono stadi.

Bunduki zilizoingia bara zilipitia hasa Zanzibar. Majeshi mengi ya Ulaya yalipoanza, katika miaka ya 1860, kuchukua bunduki zinazojazwa kwa nyuma, maghala yao yalibaki na silaha za zamani zilizohitaji mnunuzi, nazo zikauzwa kwa bei nafuu pamoja na zile zilizotengenezwa Liège na Birmingham mahususi kwa soko la Afrika. Mwaka 1888, Euan-Smith, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilipanda na misafara hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, na magharibi yake Mirambo, mtemi wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa msaada wa rugaruga, yaani vijana wapiganaji waliobeba magobori. Kwa Wanyamwezi, wenyeji wa huko, waliokuwa wapagazi, wawindaji wa tembo na wafanyabiashara kwa wakati mmoja, bunduki haikubaki mali ya mtemi pekee, bali iliingia majumbani.

Ilipoingia majumbani ikahitaji kutunzwa, na utunzaji huo una mengi kuliko wanavyodhani wanaoiona leo kama chuma cha kutu. Moshi mzito wa baruti nyeusi huacha mtutuni masizi ya chumvi ambayo hunyonya unyevu wa hewa, kiasi kwamba bunduki isiyooshwa kwa maji ya moto, ikakaushwa na kupakwa mafuta mara baada ya kutumika, huanza kuliwa na kutu upesi. Kitundu kinachopeleka moto kwenye baruti huziba, kamani ya mtambo hulegea au kuvunjika, na kitako cha mti hupasuka kwa mikiki ya mlipuko. Kwa kila ugonjwa wa namna hiyo alihitajika mtu mwenye mvukuto, tupa na subira, na pale ambapo watawala walithamini bunduki, mtu huyo alipanda cheo. Mfano mashuhuri ni wa Buganda: Alexander Mackay, mmisionari mhandisi aliyefika huko mwaka 1878, alithaminiwa ikuluni kwa karakana yake angalau sawa na mahubiri yake, na miongoni mwa Wakristo waliouawa mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga alikuwamo Nuwa Walukaga, mkuu wa wahunzi wa kifalme.

Rwanda ilikwenda njia nyingine. Chini ya Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, ufalme huo haukuwaruhusu wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kuweka makazi ndani ya nchi kama walivyofanya Tabora au Ujiji, hata ikawa biashara na misafara hufanyika zaidi mipakani, upande wa Karagwe. Jeshi la Rwabugiri lilishinda majirani wengi kwa mikuki, pinde na nidhamu, na bunduki chache zilizofika zilibaki karibu na mfalme. Uamuzi huo ulilinda nchi dhidi ya wakamata watumwa, lakini haukuwa bila gharama. Mwaka 1896, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, wapiganaji wa Rwanda walikutana huko Shangi, kando ya Ziwa Kivu, na kikosi cha Dola Huru ya Kongo chenye bunduki za kisasa, wakashindwa vibaya. Richard Kandt alipoanzisha makao ya utawala wa Kijerumani juu ya kilima cha Nyarugenge mwaka 1907, hapakuwa tena na nafasi ya mhunzi Mnyarwanda kujifunza gobori, kwa kuwa silaha zilikuwa zimekwisha kuwekwa mikononi mwa askari wa serikali.

Kinachoshangaza ni kwamba, mahali lilipokwisha kuzoeleka, gobori lilipata uhai mpya kutokana na sheria iliyokusudiwa kudhibiti silaha. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mikato ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Mataifa yaliyotia saini yalitumia hoja ya kukomesha utumwa, nayo ilikuwa ya kweli kwa kiasi chake, lakini matokeo yalikuwa Mwafrika kuachiwa silaha ya babu huku askari wa mkoloni akibeba ya kisasa. Tofauti hiyo ilijionyesha waziwazi katika vita vya Maji Maji, kati ya mwaka 1905 na 1907, wenye magobori walipokabili bunduki za rasharasha.

Kwingineko, silaha hiyo hiyo imekuwa uraibu wa amani. Nchini Oman bunduki ya fitila iliyonakshiwa kwa fedha hutunzwa kama urithi wa ukoo, na Marekani chama cha kitaifa cha wapenzi wa bunduki za kushindilia kimekuwapo tangu mwaka 1933, huku sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1968 ikiziondoa bunduki nyingi za aina hiyo katika masharti ya silaha za kawaida, kiasi kwamba mtu huweza kuunga moja nyumbani kwake. Afrika Mashariki haikuweza kufuata njia hiyo, kwa kuwa gobori lilikuwa bado halijastaafu: lilikuwa mikononi mwa wawindaji haramu na wanyang'anyi. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, inazitaka serikali zifanye utengenezaji wa silaha bila idhini kuwa kosa la jinai, na nchini Tanzania magobori yaliyosalimishwa au kukamatwa yameteketezwa hadharani zaidi ya mara moja. Kwa usalama wa raia hatua hiyo inaeleweka. Kwa mwanahistoria ni hasara, maana kila gobori lililoundwa na mhunzi wa Unyamwezi au Songea lilikuwa na kamani, parafujo na viraka vinavyoonyesha namna fundi huyo alivyofikiri, na wachache sana kati ya mafundi hao waliacha maandishi.