Kuka Anakaa Kitale

Mwaka jana nilimwandikia mteja mmoja wa ng'ambo makala ya Kiingereza kuhusu wazee na mashamba. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu niache chuo, karo iliponishinda. Sentensi ya kwanza ilimhusu babu yangu, kuka kama tunavyosema sisi Wabukusu: "My grandfather is living in Kitale."

Makala ikarudi na alama nyekundu. Mhariri alikuwa amefuta "is living" akaweka "lives". Akaeleza, kwa upole kabisa, kwamba "is living" ni ya mtu anayekaa mahali kwa muda tu. Mzee wa miaka themanini na kitu, ambaye hajawahi kuhama, hakai kwa muda. Anaishi hapo, basi.

Kisarufi, mhariri hakukosea. Kiingereza cha leo kinatenganisha mambo ya kila siku au ya kudumu na yale yanayoendelea saa hii au yatakayokwisha. Nilirekebisha, nikalipwa dola zangu. Lakini ile sentensi ilikataa kuniondoka. Kosa hili letu lilitoka wapi? Na kwa kuka, ni kosa kweli?

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Shuleni tulifundishwa aina tatu: -na- ya wakati uliopo, -a- ya wakati usiodhihirika, na hu- ya mazoea. Anakaa, akaa, hukaa. Lakini panda matatu ya Kitale kwenda Bungoma, usikilize watu mpaka Kamukuywa. Hu- utaisikia mara chache sana. Kazi yote inafanywa na -na-. "Anakunywa chai" inaweza kumaanisha kikombe kiko mkononi, au kwamba yeye ni mtu wa chai kila asubuhi. Sisi tunaelewana. Shida inaanza pale mtoto anapoamua kwamba kila -na- ni "-ing". Hapo ndipo tunapata "I am knowing him" na "I am having two brothers", na darasa zima linacheka.

Hiyo -na- ya bara ina historia. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi. Shamba moja lingeweza kuwa na Wabukusu, Wasabaot, Waturkana na wengine, kila mtu na lugha yake. Kilichowaunganisha ni Kiswahili cha kazini. Kile cha walowezi wenyewe kilipewa jina la Kisetla. Katika miaka ya 1930, F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na jina lake lilitaja wazi kilikuwa cha nani: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Hakikuwa cha kutongoza wala cha kutunga mashairi. Ukitaka tu kumwambia mtu akamue ng'ombe, huhitaji aina tatu za wakati uliopo.

Halafu ikaja shule. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilianzisha kituo maalumu Nairobi cha kutengeneza njia mpya ya kufundisha shule za msingi kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaunga mkono Kiingereza, na njia hiyo ikasambaa. Baba yangu alipelekwa Bungoma kwa nyanya yake ili asome, na anakumbuka masomo yake ya kwanza ya Kiingereza yalivyokuwa. Mtoto anasimama, anasema anasimama. Anaenda mlangoni, anasema anaenda. "I am standing. I am going to the door." Darasa zima linaimba. Nikimsikiliza baba, naona kwamba "-ing" ndiyo iliyokuwa Kiingereza chake cha kwanza, ile ya kawaida haikuwa na mchezo wa kuigiza. Sasa mtoto kama huyo akiizidisha, tumlaumu nani?

Hata Waingereza wenyewe hawakuzaliwa na kanuni hii. Kwenye Hamlet ya Shakespeare, tamthilia ya karibu mwaka 1600, Polonius anamkuta Hamlet na kitabu mkononi, anamuuliza anasoma nini. Anauliza kwa ile aina ya kawaida, isiyo na "-ing". Leo angesahihishwa. Na katika karne ya 19 walikuwepo wasomi Waingereza waliolalamika kwamba "the house is being built" ni Kiingereza kibovu.

Lakini kilichonigusa zaidi hakiko kwenye vitabu vya sarufi. Sheria ya mwaka 1918 ilisema Mwafrika anayekaa kwenye shamba la Mzungu lazima amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ruhusa ya kukaa ilifungwa kwenye kazi. Kazi ikiisha, kukaa kumeisha. Babake kuka alitoka upande wa Kimilili akaingia shamba la namna hiyo, na kuka akazaliwa humo. Uhuru ukaja, mlowezi akaondoka, shamba likabadilisha mikono. Kuka akabaki pale pale, na mpaka leo kipande anacholima hakina hati kwa jina lake.

Juzi nilimuuliza kwa nini hakupanda miti ya matunda miaka hiyo yote. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Mjukuu wangu, hapa tunakaa tu. Kwetu ni Bungoma. Siku nikifa, msinizike hapa."

Zaidi ya miaka themanini, na bado "tunakaa tu". Mhariri wangu aliona umri akadhani ni jambo la kudumu. Hakujua kwamba kuna watu ambao serikali mbili, ya kikoloni na ya uhuru, ziliwaacha wakae kwa muda maisha yao yote.

Nikiiandika tena ile makala, nitarudisha "is living". Akiuliza, nitamweleza habari za siku 180.