Bei ya mafuta iliyoipa TGV umeme

Tarehe 8 Desemba 1972, kwenye reli iliyonyooka ya Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, treni ya rangi ya chungwa ilifikia kasi ya kilomita 318 kwa saa. Iliitwa TGV 001. Leo jina TGV likitajwa watu hufikiria umeme, lakini treni ile haikugusa waya wowote. Ilibeba turbini za aina iliyokuwa ikiendesha helikopta, na ilikunywa mafuta kwa pupa. Mtengenezaji wake alikuwa Alsthom, kampuni iliyoundwa mwaka 1928 na ambayo tangu 1998 huandika jina lake Alstom. Kampuni hiyo sasa ni miongoni mwa zinazotangaza kwa sauti kubwa usafiri usiochafua hewa, na imejiwekea lengo la kufikia mwaka 2050 shughuli zake zikiwa haziongezi gesijoto angani. Historia yake yenyewe, hata hivyo, inasema jambo ambalo halikai vizuri kwenye ripoti za wanahisa: ujuzi wa kutengeneza treni safi kampuni ilikuwa nao zamani, na kilichoufanya utumike ni mnunuzi aliyebanwa na gharama.

Ujuzi huo ulikuwa umeshaonekana hadharani. Machi 1955, kwenye reli hiyohiyo ya Landes, vichwa viwili vya treni vya umeme vilivuka kilomita 320 kwa saa, na kimoja kati ya hivyo, CC 7107, kilikuwa kazi ya Alsthom. Yaani miaka 17 kabla ya TGV 001, umeme ulikuwa umeshaipita kasi ya turbini. Katika miaka hiyohiyo shirika la reli la Ufaransa, SNCF, likisukumwa na mhandisi Louis Armand, lilikuwa likithibitisha kwamba treni zinaweza kutumia umeme wa volti 25,000 wenye masafa yaleyale ya gridi ya kawaida ya viwandani. Majaribio yalianzia milima ya Savoie, kisha mfumo ukapelekwa kwenye njia ya Valenciennes hadi Thionville mwaka 1954, njia iliyokuwa na shughuli kubwa ya kubeba makaa ya mawe na chuma. Volti hizo kubwa zilipunguza idadi ya vituo vya kupozea umeme na unene wa nyaya, na gharama zikashuka. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma leo, treni za reli ya kisasa, SGR, hunasa umeme wa mfumo huohuo.

Kwa nini basi turbini? Wahandisi wa miaka ya 1960 hawakuwa wajinga. Rekodi ya 1955 ilipatikana kwa shida: mikono ya kunasia umeme juu ya paa iliungua, reli zikapinda, na haikuwa wazi kama waya na mkono wake vingeweza kushikamana vizuri kwa kasi hiyo kila siku, mvua na jua. Turbini ilikuwa nyepesi, mafuta yalikuwa ya bei ya kutupa, na njia mpya isiyotundikwa nyaya ingejengwa kwa fedha kidogo. Tangu 1970 treni za turbini zilikuwa zikibeba abiria kati ya Paris na Normandie, na nyingine ziliuzwa hadi Marekani. Kwa hesabu ya siku zile, uamuzi ulikuwa wa busara. Ila kwenye hesabu hiyo hakukuwa na mstari hata mmoja wa hewa ukaa.

Kilichobadilisha mambo ni vita vya Oktoba 1973 huko Mashariki ya Kati. Ndani ya miezi michache pipa la mafuta lilipanda kutoka takriban dola 3 hadi zaidi ya dola 11. Machi 1974 serikali ya Ufaransa ikaamua mambo mawili karibu kwa pamoja: kujenga vinu vingi vya nyuklia, na kujenga njia mpya ya treni ya kasi kutoka Paris hadi Lyon itakayotumia umeme. Kwa Alsthom mgeuko haukuwa mgumu kama unavyoweza kudhani. Turbini za TGV 001 hazikuzungusha magurudumu moja kwa moja; zilizungusha jenereta, na jenereta zikalisha mota za umeme. Ukiondoa turbini na kuweka mkono wa kunasia umeme, sehemu kubwa ya maarifa inabaki palepale. Mwaka 1976 SNCF iliagiza seti 87, na Septemba 1981 abiria wa kwanza wakasafiri. Hakuna aliyekuwa akiongelea tabianchi. Lililotawala lilikuwa swali la nani ataishika Ufaransa kooni kwa mafuta.

Hapa huja pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: treni ya umeme haiwezi kuwa safi kuliko mtambo unaoilisha. Kweli kabisa, na mwaka 1973 chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wa Ufaransa kilikuwa mafuta. Lakini tazama kilichofuata. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 nyuklia ilikuwa ikitoa takriban robo tatu ya umeme wa nchi, na seti zilezile za 1981, bila kufunguliwa hata boliti moja kwa ajili hiyo, zikawa zinasafirisha watu kwa gesijoto kidogo mno. Baadhi zilitumika kwa karibu miaka 40. Treni ya dizeli haina bahati hiyo, kwani itachoma dizeli hadi siku ya kufanywa chuma chakavu.

Afrika Kusini inalionyesha pingamizi hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 2013 muungano wa Gibela, unaoongozwa na Alstom, ulisaini mkataba wa kutengeneza treni 600 za abiria za umeme kwa ajili ya shirika la reli za abiria, PRASA, nyingi zikiundwa katika kiwanda cha Dunnottar, mashariki ya Johannesburg. Umeme unaozilisha hutoka kwa shirika la umeme la nchi hiyo, Eskom, ambalo huzalisha sehemu kubwa mno kwa makaa ya mawe. Na ni nani aliyepewa zabuni ya turbini za mitambo mipya mikubwa ya makaa ya mawe ya Medupi na Kusile? Alstom hiyohiyo. Kampuni ilikuwa na mkono mmoja kwenye reli na mwingine kwenye makaa hadi Novemba 2015, ilipokamilisha kuuza biashara yake ya nishati kwa General Electric ya Marekani. Siwalaumu kwa kuuza walichoombwa. Nasema tu kwamba sehemu kubwa ya usafi wa kampuni hii ilipatikana kwa kuuza kitengo, wala mitambo ile haikuzimwa kwa sababu biashara ya turbini imebadili mwenyewe.

Atasema mwingine: nia ina maana gani kama matokeo ni mema? Moshi usiotoka haujui aliyeuzuia alikuwa na sababu gani. Ningekubali kama bei zingesimama. Nia huonekana pale faida inapokwenda upande mmoja na mazingira upande mwingine, na Ujerumani kuna mfano. Mwaka 2018, katika jimbo la Niedersachsen, treni ya haidrojeni ya Alstom iitwayo Coradia iLint, ya kwanza duniani ya aina yake, ilianza kubeba abiria. Kinachotoka kwenye bomba lake ni mvuke wa maji, na ilisifiwa kila mahali. Lakini haidrojeni ya mwanzo ilikuwa zao la ziada la viwanda vya kemikali, na mwaka 2023 mamlaka ya usafiri ya jimbo hilo ilitangaza kwamba treni zitakazofuata zitatumia betri, kwa kuwa uendeshaji wake ni nafuu. Alstom ilithubutu, na hilo lisibezwe. Hakuna kampuni inayotakiwa kukisia sawasawa kila mara. Hata hivyo, aliyeamua mustakabali wa teknolojia hiyo pale ni mwenye kulipa.

Afrika Mashariki imelijaribu jambo hili bila kukusudia. Makampuni ya CRRC ya China yalitengeneza vichwa vya umeme kwa ajili ya reli ya Addis Ababa hadi Djibouti, na vya dizeli kwa ajili ya SGR ya Kenya iliyoanza 2017. Mtengenezaji mmoja, majirani wawili. Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka kwenye jotoardhi, maji na upepo, ilhali treni zake mpya zinachoma dizeli. Tanzania, ambayo bado inategemea sana gesi asilia pamoja na maji, ilichagua nyaya. Treni yake ambayo watu huiita mchongoko ilitoka Hyundai Rotem ya Korea Kusini, kampuni ambayo wahandisi wake walijifunza treni za kasi kupitia mkataba wa 1994, Alstom ilipokubali kuipa Korea teknolojia ya TGV: seti 12 ziliundwa Ufaransa na 34 Korea. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024. Treni ya kwanza ya abiria kwenda Morogoro ikaondoka Juni mwaka huohuo. Maamuzi ya kujenga bwawa na kutundika nyaya yalifanywa Tanzania, kabla ya zabuni ya treni kumfikia mtengenezaji yeyote.