Kipa aliyeomba mwaka mmoja tu: historia ya Chiamaka Nnadozie



Ukimuuliza kijana yeyote hapa Fizi jina la kipa, atakuambia Kidiaba. Hata waliozaliwa baada ya ile fainali ya 2010 na Inter wanajua namna Kidiaba alikuwa anaruka-ruka akikalia matako kwenye majani kila Mazembe ikifunga bao. Ni wetu, tumuimbe. Lakini uliza jina la kipa mwanamke: kimya. Mimi mwenyewe mpaka 2019 sikuwa na jina hata moja la kutaja. Leo ninaleta moja, na si Mukongomani. Ni Chiamaka Nnadozie wa Nigeria.

Alizaliwa tarehe 8 Desemba 2000 katika Jimbo la Imo, kusini-mashariki mwa Nigeria. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya mpira, lakini mpira wa wanaume. Na hapa njo penye uzito wa historia yake. Baba hakumkataza kwa kuchukia mpira. Chiamaka amesimulia mwenyewe kwamba hoja ya baba ilikuwa hii: yeye baba alicheza, hakufika popote, kaka akacheza, hakufika, binamu naye vilevile. Sasa wewe musichana unaenda kutafuta nini huko? Si uende shule?

Mimi ni mtu wa kilimo, hoja hiyo ninaielewa kabisa. Mukulima aliyepanda mihogo mara tatu, na mara tatu ugonjwa wa mozaiki ukakunja majani yote, hawezi kukupa shamba kwa sababu unaongea vizuri. Si roho mbaya, ni hesabu. Chiamaka naye hakubishana na hesabu. Aliomba mwaka mmoja tu wa kujaribu. Sisi huku tungesema aliomba kipande cha majaribio pembeni ya shamba. Akapewa, akaingia Rivers Angels ya Port Harcourt.

Kombe la Dunia 2019, Ufaransa. Mechi ya kwanza Nigeria inapigwa 3-0 na Norway, na golini alikuwa kipa mwingine. Ya pili, tarehe 12 Juni kule Grenoble, kocha anamuweka mutoto wa miaka 18. Korea Kusini wanapigwa 2-0, na Nnadozie anakuwa kipa mdogo kuliko wote kumaliza mechi ya Kombe la Dunia la wanawake bila kufungwa.

Siku tano baadaye, Rennes, mbele ya Ufaransa wenyewe. Mechi hiyo niliiona kwenye ukumbi wa video, tukiwa watu wachache sana, maana mwenye ukumbi alisema mpira wa wanawake hauleti pesa. Penalti. Wendie Renard anapiga, mpira unagonga mlingoti, unatoka. Tukaruka! Kumbe video ya waamuzi imeona mguu. Sheria inataka kipa abaki na angalau mguu mmoja kwenye mstari mpaka mpira upigwe, na yeye alikuwa ametoka mapema kidogo. Penalti ikarudiwa, Renard akafunga, 1-0. Nigeria walipita kwenye kundi hata hivyo, halafu Ujerumani wakawatoa kwa 3-0. Lakini kilichobaki kichwani mwangu ni ule mguu.

Januari 2020 akaenda Paris FC. Huko alikaa miaka mitano na nusu. Kwa wapenda mpira nitaje mbili tu: Septemba 2023 walitoa Arsenal kwa penalti kwenye Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na Mei 2025 wakachukua Kombe la Ufaransa mbele ya PSG, tena kwa penalti.

Na katikati, tarehe 21 Julai 2023, Melbourne. Nigeria na Kanada, penalti ya Kanada. Mupigaji ni Christine Sinclair, mtu aliyefunga mabao 190 kwa timu ya taifa, mengi kuliko mwanamke au mwanaume yeyote. Nnadozie akangoja. Safari hii mguu ulibaki pale unapotakiwa kubaki. Akaokoa, mechi ikaisha 0-0. Nigeria hawakufungwa na mutu katika dakika za mchezo isipokuwa mabao mawili ya Australia, ambao nao walipigwa 3-2. Uingereza iliwatoa kwa penalti tu. Na wakati huohuo wasichana hao walikuwa bado wanadaiana na shirikisho lao posho za tangu 2021. Hilo nalo liandikwe kwenye historia.

CAF ilimpa tuzo ya kipa bora wa kike 2023, 2024 na 2025. Julai 2025 Rabat, fainali ya Afrika, Moroko wakaongoza 2-0, Nigeria wakageuza 3-2, kombe la kumi. Sasa yuko Brighton, Uingereza.

Na sisi? Timu yetu ya wanawake ilikuwa ya tatu Afrika mwaka 1998. Novemba 2024 Mazembe ya wanawake ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa kuwafunga AS FAR 1-0 kule Moroko. Kwa hiyo usiniambie haiwezekani. Lakini toka Fizi mpaka Lubumbashi ni mbali, na mbali zaidi ikiwa hakuna aliyekupa ule mwaka mmoja.

Nina binamu yangu alikuwa kipa hapa Baraka. Alikuwa anadaka na glavu za kufyatulia matofali, kwenye tereni ya mchanga karibu na ziwa. Nyumbani walimwambia maneno yaleyale ya baba Nnadozie. Hakuomba mwaka. Na mimi kaka yake, niliyekuwa nasoma, sikumuombea. Leo anauza ndagala sokoni. Juzi nilimuonyesha kwa simu penalti ya Renard. Aliirudisha mara tatu, vidole vikinuka samaki, halafu akasema: "Kaka, alitoka mapema. Miye ningengoja."