Kaswende, Ugonjwa Mwigaji

Kaswende ni ugonjwa mwigaji. Ukitokeza kwenye ngozi, hudhaniwa kuwa upele wa kawaida. Mara chache huingia mapafuni, na hapo madoa yake kwenye picha ya eksirei hufanana na ya kifua kikuu au saratani. Leo napenda tukumbushane jinsi mwigo huo ulivyowaponza madaktari wa zamani, tena hapa jirani, Uganda.

Mwaka 1905, mjini Berlin, Schaudinn na Hoffmann walikiona kwa hadubini kijidudu cha kaswende, chembamba na kilichojisokota. Mwaka uliofuata Wassermann na wenzake wakatoa kipimo cha damu. Hata hivyo, mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya Waganda walikuwa na kaswende. Lawama moja aliwatwisha wanawake, kwamba wamepewa uhuru mno. Mwaka 1913 Mulago ikaanzishwa kutibu magonjwa ya zinaa.

Watafiti wa baadaye walipoichunguza habari hiyo, waliona kwamba wengi wa wagonjwa wale yaelekea hawakuwa na ugonjwa wa zinaa, bali buba na maradhi ya jamii hiyo, ambayo watoto huambukizana kwa kugusana ngozi. Kijidudu cha buba ni ndugu wa kile cha kaswende, na hata vipimo vya kawaida vya damu haviwatenganishi. Taifa zima likavikwa aibu kwa sababu ya vidonda.

Mimi naona fundisho liko wazi. Jicho peke yake si hakimu, iwe mbele ya ngozi au mbele ya eksirei. Mtu akikohoa na kifua chake kina madoa, apimwe makohozi. Lakini daktari asisahau kutazama viganja na nyayo, ambako upele wa kaswende hupenda kutokea, kuuliza maisha ya mgonjwa kwa heshima, na kupima damu. Madoa yale yakifutika baada ya penisilini, dawa iliyothibitishwa Marekani mwaka 1943, shaka hupungua. Akikosewa, atameza dawa za kifua kikuu miezi mingi huku kaswende ikielekea kwenye moyo na ubongo.

Na majibu yakitoka kwamba ni kaswende kweli, mgonjwa apewe sindano yake, asipewe lawama.