Daftari la Shamba la Shule

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi wanaukumbuka kwa majembe. Wachache wanakumbuka kwamba ulidai na daftari pia: wanafunzi watunze hesabu za shamba lao, wajue faida na hasara, kisha washiriki kuamua ziada itumikeje.

Somo la fedha lilikuwa hapo hasa. Mtoto anayepima kama fedha ya mahindi inunue mbolea au mipira ya michezo ameshaanza kupanga bajeti, hata kama neno lenyewe hajawahi kulisikia.

Utekelezaji ulikwenda kombo. Katika shule nyingi jembe lilibaki kwa wanafunzi, daftari likabaki ofisini kwa mwalimu mkuu. Kulima kukageuka adhabu ya wachelewaji. Penye duka la shule mambo yalikuwa nafuu kidogo. Angalau palikuwa na chenji ya kuhesabu.

Miaka ya 1970 sekondari ziligawanywa kwa michepuo: kilimo, ufundi, sayansikimu na biashara. Utunzaji wa hesabu ukawa zaidi mali ya mchepuo huo wa mwisho, kana kwamba mkulima na fundi hawashiki fedha.

Mtaala mpya uliofuata sera ya elimu, toleo la 2023, umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima katika mkondo wa jumla wa sekondari. Ni hatua nzuri, ila waraka wa 1967 ulithubutu zaidi: ulitaka wanafunzi waamue juu ya fedha halisi, waliyoitolea jasho.